Pesa za Kambi

Turubai za siku hizi ni za plastiki, hazinuki chochote. Lakini juzi jirani yangu, mzee aliyestaafu bandarini, alitoa lake la zamani stoo akalitandaza juu ya ukuta lipate jua, nalo ni la kile kitambaa kizito cha kijani kilichopakwa nta. Upepo ulipogeuka, harufu ikaniingilia dirishani nikiwa napepeta mchele: nta, mafuta ya taa, vumbi la nazi kavu, na kwa mbali uvundo wa kitu kilichokunjwa kabla hakijakauka. Niliuweka ungo chini. Mjukuu wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi kitu, nimekumbuka safari moja ya zamani tu. Yeye alikwenda zake kucheza, basi nawasimulia ninyi.

Tulikuwa tukikaa Timbwani, upande wa Likoni, nyumba ya makuti yenye duka mbele. Baba aliuza mchele, sukari, mafuta ya taa na nazi kavu, na alikuwa na pikapu kuukuu ya kuchukulia mzigo, nyuma yake imefunikwa turubai. Lile turubai alilitunza kuliko gari lenyewe. Likiloa alilianika, likitoboka alilitia kiraka kwa mkono wake, na ole wako ulikanyage na miguu yenye mchanga. Majirani wakimwita bahili. Wala hawakumsengenya kichinichini. Walimwita hivyo dukani kwake, macho kwenye mizani, naye akicheka tu huku akifunga sukari kwenye karatasi. Jina lilimkaa, na nadhani alikwisha kulizoea.

Ulikuwa mwaka wa mwisho kabla ya uhuru. Barazani watu wazima hawakuwa na mazungumzo mengine: Mwambao utakuwa wa nani, bendera gani itapandishwa, nani atabaki na nani atafunga virago. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa na jambo langu moja tu, kulala ndani ya hema. Huko Diani palikuwa na kambi pwani. Miaka yote ilikuwa ya Wazungu wa kutoka bara, waliovuka na feri wakiwa na vitanda juu ya magari. Mwaka ule ikaanza kusemwa kwamba yeyote mwenye kulipa anaingia. Msichana mmoja wa darasani kwetu, ambaye babake alikuwa karani wa forodha, alipelekwa akalala huko, na aliporudi hashikiki. Alitusimulia kandili ilivyoning'inia katikati ya hema, na mawimbi yalivyosikika karibu na kichwa mtu akilala. Alisimulia mpaka nikaanza kumchukia.

Nikamganda Baba. Kila nikimpelekea chai dukani namuuliza, na kila siku ananambia tutaona. Halafu siku moja, bila kuinua macho kwenye mizani, akanambia likizo ya Agosti tutafunga safari yeye, Mama na mimi, mpaka Vanga kule mpakani. Turubai tutalichukua, na njiani tutapiga kambi. Huyu ni mtu ambaye hakuwa akifunga duka hata Idi Mosi, akisema wageni wa Idi nao hunywa chai ya sukari. Ningekuwa mkubwa ningeshtuka. Mimi nilikimbia nyumbani kumwambia Mama, kumbe Mama anajua.

Mama alikuwa mgonjwa. Hilo nililijua na sikulijua. Nilijua alikuwa akivushwa kwenda hospitali kisiwani, akirudi na chupa za dawa na maneno machache. Nilijua bangili zake alizivua, kwa sababu zilikuwa zikiteleza mkononi zenyewe anapokuna nazi. Lakini mtoto akimwona mamake amesimama wima, humhesabu mzima. Nikiuliza, naambiwa ni tumbo, mwanangu, litapoa. Nikaridhika, nikarudi kwenye hema langu la akilini.

Tuliondoka asubuhi. Mama alikaa mbele na Baba, amejitandia buibui na kuegemea mto. Mimi nilikaa nyuma chini ya turubai, juu ya jamvi, pamoja na sufuria, kandili, kapu la mahamri na kamba mpya ambazo Baba alizinunua kwa ajili ya kambi. Zile kamba nilizishika njia nzima. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, na kila gari likiruka nilisikia Baba akimwambia Mama pole.

Tulipofika Diani alikata kona kweli, akaenda mpaka kwenye lango la kambi. Nikachungulia. Mahema yalikuwa yamepangwa chini ya mivinje, meupe na ya kahawia, taulo zimeanikwa kwenye kamba, na mwanamke wa Kizungu anakaanga mayai nje kana kwamba hana nyumba. Baba alishuka, akazungumza na bawabu, akarudi. Hakuja kwangu kwanza. Alisimama kwenye dirisha la Mama wakanong'ona, kisha ndipo akaja nyuma akainua pembe ya turubai.

"Bei yao ni ya kukomoa watu, Mishi," akanambia. "Hapo mbele, Gazi, tuna watu wetu. Leo tuziokoe hizi pesa za kambi."

Gazi tulifikia kwa somo yake Mama, bibi aliyemfunda alipokuwa mwari na kumwingiza kwenye ndoa. Tulipokewa kwa furaha. Tukala samaki wa kupaka na wali wa nazi, mpaka hasira zangu zikapungua kidogo. Baada ya kula, Mama na yule bibi waliingia chumbani wakafunga mlango. Walikaa humo muda mrefu. Walipotoka, bibi alikuwa na macho mekundu na hakutaka kuuachia mkono wa Mama, na mimi, kwa akili zangu, nikadhani analilia mchele wake tuliomaliza. Baba akasema kwa sauti, ili kila mtu asikie, kwamba pesa za kambi tumeziokoa. Wenyeji wakacheka, ila walicheka wakitazama chini.

Kesho yake ikawa Msambweni, kwa mjomba wake Mama. Mjomba alikuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mlango ukafungwa tena, yeye na Mama, na safari hii sauti yake haikusikika kabisa. Alitoka akijifuta uso kwa kofia. Alitufungia kuku na madafu, akasimama njiani mpaka tukapotea. Baba akasema pesa za kambi tumeziokoa tena. Niliona haya. Niliona kwamba babangu anazunguka pwani nzima akila vya watu ili asitoe senti langoni, na kwamba watu wanalia kwa mzigo tunaowapa. Niliapa nikifika shule sitasimulia chochote.

Ninyi bila shaka mmekwisha kufahamu. Kwetu mtu akijijua anaondoka duniani, huwaendea walio wake akawataka radhi: kama nimekukosea kwa neno au kwa kitendo, niwie radhi, nami nimekuwia. Hilo ndilo lililokuwa likisemwa nyuma ya milango. Daktari alikuwa amemwambia Baba, na Baba amemwambia Mama, na wawili hao wakapatana kwamba mtoto asiambiwe. Lakini mtoto atauliza, mbona tunalala leo hapa, kesho pale? Jibu lilikuwa tayari. Babangu alikuwa na jina la ubahili, na alilitumia.

Sasa mniwekee akilini Mama Mkubwa Riziki, dada yake Mama. Huyu ndiye aliyekuwa akikaa Vanga, na kwa hakika safari nzima ilikuwa yake. Walikuwa hawasemezani tangu nikiwa mdogo, na sababu yake haikuwa siri kwa mtu. Nyanya yangu, mama yao, alifia mikononi mwa Mama Mkubwa. Mama alipelekewa habari Timbwani akaondoka saa ile ile, lakini mvua zilikuwa zimekata barabara, na alipofika Vanga alikuta watu wanarudi kutoka makaburini. Mnajua maiti kwetu hailazwi. Ila Mama hakuyaona hayo, aliona kwamba hakungojwa. Akasimama katikati ya matanga, mbele ya wanawake wote wa mji, akasema Riziki amemharakisha mama kaburini ili apate nafasi ya kufungua kasha lake la dhahabu.  Siku ya tatu Mama Mkubwa alimwambia mdogo wake asikanyage tena mlangoni pake.

Tulifika Vanga jua likianza kupoa. Mji umezungukwa na mikoko, matope yanakufuata mpaka ndani ya kandambili. Nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa pembeni, ua wa makuti, minazi miwili mbele. Baba alibisha hodi. Akatoka mtoto wa jirani akasema mwenyewe yumo, na amesema hana wageni. Baba akabisha tena. Hakuna aliyeitika. Mama alikuwa bado garini, amefumba macho.

Hapo Baba alifanya jambo ambalo mimi nililipokea kama zawadi. Aliligeuza gari, akaliegesha chini ya ile minazi, nje kidogo ya ua, akaanza kulifungua turubai.  Alifunga kamba zangu mpya kwenye mnazi huu na mnazi ule, akavuta pembe mbili akazikaza kwa vigingi, akatandika jamvi na godoro, akamteremsha Mama kwa mikono yake miwili akamlaza. Kandili akaining'iniza katikati. Nilikuwa nikirukaruka. Nilimuuliza Baba kama na hapa ni bure, akasema ndiyo, hapa ni bure. Nikaona wa kambi ya Diani wote ni wajinga.

Magharibi Baba alitaka kuteleka chai, na kibiriti kilikuwa kimepata maji. Akanituma nikaombe moto. Nyumba ya karibu ilikuwa ile ile, nami nikaenda kwa mlango wa nyuma kama mtoto yeyote anavyokwenda kuomba moto. Mekoni nilimkuta mwanamke mrefu ameketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, na uso wake ulikuwa wa mamangu hasa, ila umenona. Nikampa shikamoo. Akaitikia. Akachukua kifuu, akaniwekea makaa kwa koleo, moja moja, taratibu sana.

"Kwa nini mwalala nje?" akaniuliza.

Nikamwambia Baba anaokoa pesa za kambi.

Midomo yake ilicheza, nikadhani atacheka. Lakini alisimama, akaenda kwenye upenyo wa makuti, akachungulia kule kwenye turubai. Mwanga wa magharibi ulikuwa haujaisha na mlango wa hema uko wazi. Mama alikuwa akijaribu kuketi, na Baba amemkingia mgongo. Mama Mkubwa alikaa pale uani akitazama mpaka makaa yakaanza kupata jivu. Aliporudi alikuwa hana uso ule wa kwanza.

"Mwambie mamako," akasema, "kesho asubuhi nakwenda kisimani. Aliniita mwizi mbele ya watu. Akiwa na neno la kunambia, na aje anambie mbele ya watu."

Nilikwenda nikayasema yote kama nilivyopewa, nikipuliza makaa yangu. Baba alikasirika. Akasema huyu mwanamke hana huruma, mgonjwa hawezi kutembezwa mpaka kisimani. Mama akasema, "Ana haki yake." Basi, mazungumzo yakaisha hapo. Mimi nililala katikati yao, harufu ya nta puani, kandili juu yangu, na kwa upande mmoja nikihisi mifupa ya bega la Mama. Nawaambia kweli, ulikuwa usiku wa furaha kubwa kuliko yote niliyokuwa nimeipata mpaka siku hiyo. 

Asubuhi Mama alioga, akavaa leso zake za kisutu, akaomba manukato. Kisima hakikuwa mbali, lakini tulipumzika njiani kila baada ya nyumba mbili tatu. Mkono mmoja alinishika mimi, mwingine Baba. Wanawake walikuwa wamejaa kisimani na ndoo zao, na walipomwona walinyamaza, maana waliokuwepo kwenye yale matanga walikuwa wengi. Mama Mkubwa alikuwa kwenye kamba, anavuta maji. Hakugeuka.

Baba alitaka kubaki amemshika, Mama akamwambia arudi nyuma, hapo ni pa wanawake. Akabaki na mimi tu. Sauti yake ilipotoka ilikuwa nyembamba, lakini kila mtu alisikia.

"Mimi ndiye niliyesema Riziki kamwibia mama yetu dhahabu," alisema. "Nilisema uongo, kwa uchungu wa kutomwona mama. Riziki hakuiba kitu. Nimekuja kumtaka radhi, nanyi mliokuwepo muwe mashahidi."

Ndoo ilikuwa imefika juu. Mama Mkubwa aliishika kwa mikono yote miwili, akaitua chini, akafunga kamba mahali pake. Nikadhani atabeba maji yake aende. Badala yake alivua leso yake ya juu akaja kumfunika Mama mabegani, kwa kuwa Mama alikuwa akitetemeka mwili mzima kwenye jua kali.

"Nimekuwia radhi, mdogo wangu," akasema. "Na wewe niwie mimi. Ningeweza kukungoja mpaka alasiri. Walinihimiza, na mimi sikukungoja."

Wakashikana pale matopeni, na wanawake wengine wakaanza kujifuta macho kwa leso. Mama Mkubwa akambeba Mama mgongoni, kama mnavyombeba mtoto, mpaka nyumbani kwake. Maji yaliletwa na jirani.

Mimi nililia pia. Nililia kwa sauti kubwa, nikajitupa chini, mpaka mwanamke mmoja akanikumbatia akisema maskini, kamwonea mamake uchungu. Wallahi sikuwa nalilia hayo. Tulipofika uani nilimkuta Baba amekwisha kufungua kamba, turubai liko chini, anavikunja viraka vyake. Mama atalala ndani, kwa dadake, kitandani. Kambi imevunjwa, nami nilikuwa nimeipata siku moja tu. Hicho ndicho nilichokuwa nikikililia. Na sote tulibaki Vanga mpaka likizo ikaisha, kisha tukarudi Timbwani moja kwa moja, bila kusimama popote.

Mvua za vuli zilikuwa bado hazijaanza. Nilirudi kutoka chuoni asubuhi mapema, nimeshika msahafu wangu, nikakuta wanaume mbele ya duka wanavuta turubai. Walikuwa wakilifunga kwenye nguzo ya baraza na kwenye mwembe wa jirani, na zile kamba zilikuwa zile zile. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilikwenda mbio nikamshika Baba kanzu nikamuuliza tunakwenda wapi.  Shangazi yangu mmoja alikuja akaniondoa kwa mkono, na nilipoingia ndani nikasikia wanawake wanasoma.

Siku ile Baba alikuwa amemtuma dereva wa lori la boriti tangu alfajiri akamlete Mama Mkubwa. Adhuhuri ikapita. Jeneza lilikuwa tayari, wanaume wamejaa chini ya turubai, na maneno yakaanza. Imamu alikuja kumwambia Baba kwa upole kwamba maiti haifai kukawizwa, joto hili, na kaburi limekwisha kuchimbwa. Wazee wakamwambia hivyo hivyo, kwa ukali zaidi. Mmoja akanong'ona kwamba huyu bwana hata kaburi anaokoa. Baba alikuwa ameketi kwenye ukingo wa jamvi, mikono kwenye magoti.

"Tutangoja," akasema. 

Lori lilifika alasiri, likapita katikati ya watu mpaka mlangoni. Mama Mkubwa aliteremka juu ya boriti, buibui limejaa vumbi jekundu. Wanaume walisimama wakamfungulia njia. Alipoona watu bado wako, na jeneza bado liko, alishika ukuta wa duka akakaa chini pale pale nje, akalia kabla hajaingia ndani. Kisha akanyanyuka, akapandisha mikono ya nguo, akaingia kumwosha mdogo wake.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, hakuoa tena, na hakuacha kuitwa bahili. Nilipokuwa mtu mzima, nina watoto wangu, Mama Mkubwa ndiye aliyenieleza safari yetu ilikuwa safari gani. Nikavuka Likoni siku ile ile kwenda kwa Baba. Nilimkuta barazani, macho yamemchoka, ametandaza turubai magotini anatafuta mahali pa kutia kiraka. Nikakaa karibu naye nikamuuliza, kwa nini muda wote huu hakuniambia kwamba tulikwenda Mama akatake radhi?

Alipapasa kile kitambaa mpaka akakiona kitundu.

"Tulikuwa tunaokoa pesa za kambi," akasema. "Bei yao ilikuwa ya kukomoa watu."

Akashika sindano kuitunga uzi, uzi hauingii. Nikaichukua, nikamtungia uzi, nikamrudishia.

"Ndiyo, Baba," nikamwambia. "Tuliokoa nyingi."